Vodka Niliyowanunulia Samaki

Nitaanza kwa kukubali, ili mtu asije akanikatiza katikati: ndiyo, ni mimi. Yule mwanamume wa Kiamunyi ambaye mmesikia akitajwa kwenye harusi na matanga, ati mama mkwe alimkuta na vodka siku ya ushirika wa nyumbani, mchungaji akiwa ameketi papo hapo, naye akajitetea kwamba ni ya samaki, ni mimi, naitwa Mwangi, na samaki nilikuwa nao kweli, na vodka ilikuwa yao kweli, na kila nikijaribu kueleza hivyo sauti yangu inatoka kama ya mtu anayedanganya.

Ili muelewe kwa nini ilikuwa aibu na si kichekesho tu, lazima niseme jambo ambalo silipendi. Mimi nilikuwa mlevi. Si wa Krismasi na harusi, mlevi wa kila siku, wa kupoteza kiatu kimoja na kuja nyumbani nikilaumu kiatu. Njeri, mke wangu, alikuwa ameshaona hiyo sinema nyumbani kwao Kabazi, kwa sababu babake alikufa kwa pombe na mamake akalea watoto wanne kwa maziwa ya ng'ombe wawili. Kwa hivyo siku aliponiambia nichague, sikupewa muda wa kufikiria, nilichagua. Hiyo ni miaka sita sasa. Na wale walioacha watawaambia kwamba kazi si kuacha, kazi ni jioni, ile saa kumi na mbili hadi saa tatu ambayo mikono haijui iende wapi, na mikono yangu ilipata tangi la samaki.

Nilianza na wale wa maji ya kawaida, wenye rangi ya machungwa, halafu tamaa ikaingia nikataka wa bahari. Bahari Kiamunyi! Watu walicheka, lakini kumbe inawezekana, unanunua chumvi maalum ya bahari, unaikoroga kwa maji yaliyochujwa kabisa, unaweka mawe, taa, pampu ya kuleta mawimbi, na baada ya miezi ya kusubiri bila kuingiza kitu (hapo ndipo wengi hushindwa) unaanza kuweka viumbe. Mwaka huo ninaosimulia tangi langu la lita mia tatu sebuleni lilikuwa na samaki watano, kamba mmoja mwekundu anayesafisha samaki wenzake kama kinyozi, na matumbawe laini, ya zambarau na kijani, yanayoyumba polepole kama shamba la ngano kukiwa na upepo. Wageni walikuwa wakiingia wanasahau kusalimia.

Lakini kitu mgeni haoni ni kilicho chini, ndani ya kabati. Huko kuna tangi la pili dogo la kuchujia, maji yanashuka kupitia soksi nyeupe inayoshika takataka, yanapita kwenye mashine ya povu inayotoa uchafu mwembamba, halafu pampu inayarudisha juu. Samaki akila lazima aende haja (mnisamehe), uchafu unaoza, na mwisho wa kuoza kwake kunabaki kitu kinaitwa nitrati. Hakionekani, hakinuki, kinajijenga tu ndani ya maji siku baada ya siku, na matumbawe hayakipendi. Unakipima kwa kichupa kidogo chenye maji ya tangi, unatia matone na unga, unatikisa, unangoja rangi. Waridi hafifu, lala usingizi. Nyekundu, uko na shida.

Nami nilikuwa nimezembea. Soksi inafaa kuoshwa kila siku ya tatu, mimi nilikuwa nikiiosha nikikumbuka. Chakula nilitia kwa wingi kwa sababu napenda kuona samaki wakikimbilia mkono wangu (mtu ambaye hakuna aliyekuwa akifurahia kumwona akirudi nyumbani hupenda vitu kama hivyo). Na maji yakipungua kwa joto, badala ya kwenda kununua yaliyochujwa nilijazia ya kisima, haya yetu ya kupaka meno rangi ya chai. Jumamosi moja nikapima, kichupa kikawa rangi ya bitiruti. Nikapima tena nikidhani nimekosea. Bitiruti. Nikatazama matumbawe, kumbe nusu yalikuwa yamejikunja wiki nzima nami nikijiambia yamelala.

Dawa ya kweli ni kubadilisha maji, kidogo kidogo, mengi kwa jumla. Lakini chumvi yangu ilikuwa imebaki ya ndoo mbili tu, na muuzaji wa Nairobi akasema nisubiri. Ndipo nikampigia Salim, fundi wa matangi Mombasa tuliyejuana kwenye kikundi cha WhatsApp, mtu ambaye sijawahi kuonana naye ana kwa ana lakini ananijua samaki kwa samaki.

"Tia vodka," Salim akaniambia.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Vodka, ndugu yangu. Matone machache kila siku. Ni chakula cha bakteria. Bakteria wakila hiyo spiriti wanaongezeka, wakiongezeka wanaila hiyo nitrati yako, halafu ile mashine ya povu yawatoa nje. Wazungu wafanya hivyo miaka. Lakini polepole, wanisikia? Nusu mililita. Ukitia nyingi watafumuka bakteria, wamalize hewa, na samaki wako utawazika."

Nilishukuru nikakata simu, nikakaa kwenye kiti nikiangalia mlango wa jikoni ambako Njeri alikuwa akichambua sukuma wiki. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa mengine yote. Ningesimama, hatua sita, niseme, "Mama Shiro, kuna jambo la ajabu Salim ameniambia." Sikusimama. Nilijiambia, huyu mwanamke amepumzika, kwa nini nimtajie hilo neno? Nilijiambia ni wiki tatu tu. Nilijiambia maneno mengi mazuri, na yote niliyajua, kwa sababu ni yale yale niliyokuwa nikijiambia zamani.

Kununua kwenyewe kulikuwa kazi. Kiamunyi siwezi, kila mtu ananijua. Mjini siwezi. Nikaenda mpaka Lanet, upande wa pili kabisa wa Nakuru, kofia imeshuka mpaka nyusi, nikiwa na barakoa usoni kama tuko wakati wa korona, na msichana wa dukani akaniuliza, "Boss, kubwa ama ndogo?" nami nikaonyesha kwa kidole tu, nisije nikajulikana kwa sauti. Nilitoka mle ndani haraka bila kuangalia kushoto wala kulia (na laiti ningeangalia kulia, kama mtakavyosikia). Kwenye gari nikaimimina yote katika chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita yenye kifuniko cha buluu, nikaitupa ya kioo kwenye pipa, na nikajisikia mjanja. Maji ni maji. Nani atauliza chupa ya maji chini ya tangi la maji?

Wiki mbili za kwanza zilienda sawa. Kila asubuhi Njeri akiwa bafuni nafungua kabati, navuta vodka kwa sirinji ndogo isiyo na sindano, natia kwenye maji, naosha sirinji, nanawa mikono mpaka vidoleni panakwaruza, naandika kwenye daftari. Sijawahi kuwa na wasiwasi kama ule hata nilipokuwa nakunywa kweli, kwa sababu mlevi angalau akishakunywa anatulia, mimi sikuwa napata hata hiyo faida. Nilikuwa nalala nikisikia harufu. Nilikuwa namwuliza Njeri, "Kuna kitu unanusa?" mpaka akaniuliza kama ni mimi niliye na mimba.

Na rangi ilikuwa inashuka, lakini kwa mwendo wa kobe. Wakati huo huo mambo mawili yakaja pamoja. La kwanza, kanisani walikuwa wamepitisha jina langu niwe mzee wa kanisa, na nilikuwa niwekewe mikono Jumapili. La pili, ushirika wa nyumbani wa Jumamosi, siku moja kabla, ulipangwa kwetu, na mchungaji mwenyewe angekuja, na Cucu (ndivyo sote tunavyomwita mama yake Njeri) angetoka Kabazi aje alale ili ashuhudie mkwe wake akisimamishwa mbele ya watu. Cucu hasemi sana. Lakini miaka sita iliyopita alikataa chai ya mkono wangu, na sasa alikuwa anakuja na kuku wawili.

Nikalitazama lile tangi, matumbawe yamejikunja, mwani wa kahawia umeshika mawe, nikaona aibu. Nikataka ling'ae. Ijumaa asubuhi nikavuta sirinji mara ya kwanza, nikatia. Nikasimama. Nikavuta ya pili. Wakati nafunga kabati nilikuwa nimetia mililita ishirini, mimi niliyekuwa nikitia moja na nusu. (Kipimo hakijawahi kuwa kipaji changu.)

Jumamosi nilipoamka na kuingia sebuleni sikuona samaki. Nilisugua macho. Hawakuwa wamekufa, ni kwamba maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, huwezi kuona upande wa pili wa kioo. Mashine ya povu kule chini ilikuwa inanguruma ikitapika povu juu ya kikombe chake, na povu limeshaanza kutoka kwenye mlango wa kabati kuelekea kwenye kapeti. Njeri akatokea na fagio.

"Baba Shiro, ni nini?"

"Ni filta tu. Imejaa. Nitaosha."

"Watu wanakuja saa nane."

"Najua, mama. Nitaosha."

Nikaosha soksi, nikapunguza mashine, nikapanguza kapeti, na povu likarudi. Nilipiga simu ya Salim mara nne, haikushikwa. Saa sita samaki walianza kuonekana, na ningeomba wasionekane, kwa sababu walikuwa wamepanda juu kabisa, midomo ikigusa hewa, wakitweta. Saa saba Cucu akafika, akaniamkua vizuri, akaketi kwenye kiti cha karibu na tangi kwa sababu ndicho kisicho na mto laini, mgongo wake hautaki mito. Nilikuwa nimefungua kabati, chupa nimeiweka sakafuni ili nifikie pampu, mkono umezama hadi kwenye bega. Saa nane watu wakaingia, kumi na wawili, na Mchungaji, na Mama Tabitha mwenyekiti wa ushirika, ambaye anajua habari za Kiamunyi kabla hazijatendeka.

Nikasimama kuwasalimia nikiwa natiririka maji. Nikaiacha chupa pale chini. Hiyo ndiyo dakika ambayo naiona mpaka leo nikifumba macho.

Tuliimba wimbo mmoja. Mchungaji akafungua Biblia. Cucu, ambaye ana presha, akatoa tembe zake kwenye leso, akaangalia huku na huku bila kutaka kusumbua mtu, akaona chupa ya maji karibu na mguu wake, akaiokota. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, nikaona mkono ukizungusha kile kifuniko cha buluu, nikafungua mdomo, na naapa sauti haikutoka, nilisema kitu kama "Cu", na yeye ameshapiga funda.

Alitema kwenye leso. Hakupiga kelele, na kama angepiga ingekuwa afadhali. Aliinusa ile chupa, polepole, akaishusha kwenye paja, akaniangalia mimi.

"Hii harufu," akasema, "nimelala nayo miaka thelathini."

Ile mashine ya povu ikaendelea kunguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa. Njeri alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Hakuiangusha. Aliiweka mezani taratibu, akaja, akachukua chupa mkononi mwa mamake, akanusa, na uso wake ukawa uso wa miaka sita iliyopita, ule nilioapa sitauona tena.

"Ni ya samaki," nikasema.

Jamani. Yasemeni hayo maneno wenyewe kwa sauti mkiwa peke yenu. Ni ya samaki. Hakuna namna ya kuyasema yakawa ya ukweli.

Mama Tabitha akavuta pumzi. "Basi ni wewe nilikuona Lanet," akasema, kwa sauti ya upole kabisa, na hiyo ndiyo ilinimaliza. "Ukiwa na kofia na barakoa. Nikasema hapana, si Mwangi, huyu ni mtu anafanana na yeye. Lakini nimekuwa nakuombea tangu hiyo siku."

Nilianza kueleza. Nilieleza bakteria, nilieleza nitrati, nilieleza mkojo wa samaki mbele ya mchungaji, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona watu wakinihurumia, ile huruma ya mtu aliyeharibikiwa na akili. Mchungaji akasema, "Mwangi, kaa chini kwanza." Nikakumbuka daftari. Nikalichukua kabatini kwa furaha, nikampa Njeri, nikamwambia soma, kila kitu nimeandika. Akasoma kimoyomoyo, halafu mamake akamwambia asome wasikie, akasoma kwa sauti isiyo na joto wala baridi.

"Jumatatu, nusu. Hakuna shida. Jumanne, nusu. Hakuna shida. Jumatano ya wiki ya pili, moja. Najisikia kuongeza. Alhamisi, moja na nusu, hali ni nzuri, hakuna aliyegundua."

Aliyegundua! Nilikuwa nimeandika hivyo kwa mkono wangu. Kuna mzee nyuma alikohoa.

"Mpigie huyo Salim," Njeri akasema. "Weka kwa spika."

Nikapiga nikiomba asishike, halafu nikiomba ashike. Akashika safari hii, na kabla sijasema neno akaanza yeye: "Mwangi, nimeona umenipigia mara nne! Usiniambie umeongeza! Si nilikwambia hicho kitu ni polepole? Sema kweli, jana umepiga ngapi?"

"Yesu," akasema Mama Tabitha.

"Salim," nikasema, jasho linanitoka, "ongea na mke wangu. Yuko hapa. Mwambie vodka ni ya nani."

Nilimsikia akifikiri. Na Salim, ambaye ana moyo mzuri kuliko watu wengi, akafanya kile ambacho mwanamume hufanya rafiki yake akishikwa.

"Aaah, shemeji, hujambo," akasema, kwa sauti tamu ya mtu anayetunga. "Naam, naam. Ni ya samaki. Kabisa. Mumeo mtu mzuri sana. Ya samaki yote, yeye hata haonji."

Nikaikata simu mwenyewe.

Njeri akanikaribia. Akasimama mbele yangu karibu kabisa, watu wote wakitazama, na akasema lile neno ambalo mwaka wangu wa kwanza wa kuacha alikuwa akiniambia mlangoni kila jioni. "Nipumulie."

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na minne. Mchungaji yuko hapo. Mama mkwe yuko hapo. Nikafungua mdomo nikampumulia mke wangu usoni. Akafumba macho. Akanusa tena. Mikono yangu ilinuka vodka, shati lilinuka vodka, lakini pumzi ilikuwa ya chai na wasiwasi tu. Akafumbua macho, yamejaa machozi, akasema kwa watu wote lakini akiniangalia mimi, "Hajakunywa," halafu akageuka akaenda chumbani akafunga mlango.

Hapo ndipo Cucu, ambaye muda huo wote alikuwa ameketi palepale amegeukia tangi, akasema, "Hii samaki yenu inakufa."

Nikageuka. Mmoja tayari alikuwa ameegemea kioo kwa ubavu. Nikapiga magoti, nikasahau aibu, nikaanza kuzungusha pampu ielekee juu ipige maji yashike hewa, na Cucu akaniuliza kama anavyouliza habari za shamba: "Hiyo wadudu wako wa ndani, uliwapa chakula mingi mara moja?"

"Ndiyo, Cucu."

"Ni kama biogesi yangu. Nilimwaga molasi debe nzima siku moja ati iwake haraka. Ilifura, ikazima. Wiki tatu nilipika na kuni." Akasimama, akakunja mikono ya sweta. "Wanataka hewa. Leta mwiko."

Na kama kuna picha ambayo ningependa watu wa Kiamunyi wakumbuke badala ya ile nyingine, ni hiyo: mama wa miaka sabini na moja akikoroga bahari kwa mwiko wa ugali, na Mchungaji, amevua koti, akimpokea alipochoka. Mzee aliyekohoa alifungua madirisha. Wengine wawili walinisaidia kubeba ndoo, nikatoa maji machafu, nikatia zile ndoo mbili za maji ya chumvi nilizokuwa nazo. Hatukumaliza somo la Biblia. Mama Tabitha aliondoka mapema, akasema ana mgonjwa wa kutembelea, na sote tulijua mgonjwa huyo ni simu yake.

Samaki wawili walikufa, na yule kamba kinyozi. Watatu walipona. Matumbawe mengine yalipauka nikayatoa kwa mkono, mengine yalijikunja mwezi mzima halafu asubuhi moja yakafunguka kama hakuna kilichotokea.

Mchungaji alipokuwa anavaa koti alinivuta kando, pale kwenye ngazi. "Mimi nakuamini," akasema. "Lakini kufikia jioni wazee wenzangu watakuwa wameisikia, na haitakuwa hivi nilivyoiona. Tuahirishe ya kesho." Nikamwambia sawa. Jumapili nilikaa benchi ya nyuma, na Cucu, ambaye alikuwa na kiti chake mbele kati ya akina mama, akaja na leso na Biblia yake akaketi karibu yangu bila kusema kitu. Alisema baadaye tu, nilipomsindikiza: "Ya samaki nimeelewa, Baba Shiro. Ya kuficha ndiyo sijaelewa."

Njeri hakuongea nami siku tatu isipokuwa mambo ya chumvi na umeme. Siku ya nne, tukiwa tunaosha vyombo, akasema bila kuniangalia, "Sikuogopa kwamba umekunywa. Hiyo ningeijua, najua kuishi nayo. Niliogopa kwa sababu ilikuwa hapa nyumbani kwangu wiki mbili, chini ya pua yangu, na sikujua. Nilidhani mimi siwezi kufichwa tena." Niliendelea kupangusa sahani moja mpaka akaninyang'anya.

Na kitu cha kunichoma zaidi kikaja wiki iliyofuata, Salim aliponipigia kuomba msamaha kwa kunitetea vibaya. Tulicheka kidogo, halafu nikamwuliza, sasa nitashushaje hii nitrati bila vodka? Akashangaa kabisa.

"Lakini siki pia yafanya kazi, ndugu yangu. Siki nyeupe, hiyo hiyo ya kachumbari. Bakteria hawana habari."

"Salim! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniambia kuna tatizo na vodka."

Siki. Ilikuwa jikoni siku zote, kwenye rafu, karibu na chumvi ya mezani.

Siku hizi soksi naiosha kila siku ya tatu, samaki wanakula kiasi cha kubana kwa vidole viwili, maji ya kisima hayapiti mlangoni, na kila Jumamosi nabadilisha ndoo mbili. Hata siki sitii. Nikimaliza kupima nampelekea Njeri kile kichupa popote alipo, hata akiwa kwenye simu, akiinue kwenye mwanga asome rangi mwenyewe, na akisema ni waridi nasema ni waridi. Uzee wa kanisa haujarudi, wanasema mwaka ujao, tutaona. Lakini nimeapa, na mnishuhudie: kukiingia kitu chochote katika nyumba ile, cha samaki, cha ng'ombe, cha kuua mende, kiwe na harufu au kisiwe nayo, mtu wa kwanza kukisikia kutoka mdomoni mwangu ni mke wangu, na nitamwambia nikiwa bado niko dukani, kabla sijalipa.